Bei ya saa ya kijiko: Isimkomoe mkulima wala kumfilisi mwenye mtambo

KILA masika yanapokatika na ardhi kuanza kukauka, simu za wenye vijiko huanza kuita. Huyu anataka bwawa la samaki, yule anataka lambo la kunyweshea ng'ombe, mwingine anataka mfereji wa kutoa maji shambani au shimo la choo cha nyumba ya kupangisha. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Saa moja shilingi ngapi?"

Jibu nalo hutolewa haraka, mara nyingi kwa kuangalia jirani anatoza kiasi gani. Mwenye mtambo hataki kumpoteza mteja, na mkulima hataki kuonekana mshamba, hivyo wanakubaliana. Kazi ikiisha, mmoja wao huondoka akinung'unika. Mkulima anaona amelipia saa nyingi kuliko shimo alilopata. Mwenye kijiko naye, baada ya miaka miwili, anashangaa mtambo umechakaa na akaunti haina fedha ya kununulia mwingine.

Katika makala haya tutaangalia jinsi ya kupanga bei ya saa ambayo ni ya haki kwa pande zote mbili. Tutachukua kijiko cha kawaida, kile chenye ndoo pana mbele na ndoo ya kuchimbia nyuma, kwa sababu ndicho kinachoonekana zaidi vijijini na katika miji midogo. Hesabu hizi pia zinafaa kwa trekta, eskaveta ndogo au greda. Tarakimu za bei tutakazotumia ni za mfano. Msomaji aziondoe na kuweka za kwake, lakini asiruke hatua.

Gharama zisizongoja kazi

Kijiko kina gharama za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazokuja kiwe kimefanya kazi au kimelala chini ya mwembe. Tuziite gharama za kudumu. Hizi ndizo zinazosahaulika, kwa sababu nyingi hazidaiwi kila siku.

Ya kwanza ni uchakavu. Tuseme umenunua kijiko kilichotumika kwa Sh120 milioni hadi kukifikisha nyumbani. Unakusudia kukitumia miaka mitano, kisha ukiuze kwa Sh50 milioni. Tofauti ni Sh70 milioni. Ukigawa kwa miaka mitano, kila mwaka mtambo unapoteza Sh14 milioni. Hakuna mtu atakayekuja kukudai fedha hizo mwisho wa mwezi, lakini zinaondoka.

Ya pili ni gharama ya mtaji. Kama ulikopa benki, hii ni riba. Kama fedha ni zako, bado kuna gharama, kwa sababu fedha hiyo ungeweza kununulia hatifungani za Serikali, ng'ombe au kiwanja nayo ikakuzalishia. Chukua wastani wa thamani ya mtambo katika miaka hiyo mitano, yaani Sh120 milioni jumlisha Sh50 milioni, gawa kwa mbili. Unapata Sh85 milioni. Tukitumia asilimia 16 kwa mwaka, gharama ya mtaji ni Sh13.6 milioni.

Ya tatu ni bima, mlinzi na mahali pa kulaza mtambo, tuseme Sh6 milioni kwa mwaka. Ya nne ni mishahara. Opereta mzuri hakai kwa kulipwa siku za kazi tu. Atakwenda kwa mwingine. Tukimlipa Sh700,000 kwa mwezi na utingo wake Sh300,000, mwaka mzima ni Sh12 milioni. Ya tano ni mambo madogo madogo: simu, nauli za kwenda kukagua kazi, leseni na mtu wa kuandika hesabu. Tuweke Sh3.4 milioni.

Jumla ya gharama za kudumu ni Sh49 milioni kwa mwaka. Zinakusubiri hata kama kijiko hakijawashwa siku moja.

Gharama zinazokuja na kazi

Aina ya pili ni zile zinazokuja pale injini inapowaka na ndoo inapogusa ardhi. Hizi huhesabiwa kwa saa.

Dizeli ndiyo kubwa. Kijiko cha kawaida kikichimba udongo wa wastani kinaweza kutumia lita nane kwa saa. Kikiwa kwenye udongo mgumu hunywa zaidi. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, ni Sh24,000 kwa saa. Oili ya injini, oili ya haidroliki, grisi na filta, tuweke Sh4,000 kwa saa.

Matairi nayo yahesabiwe. Seti ya Sh6 milioni ikidumu saa 3,000, kila saa imekula Sh2,000. Halafu kuna matengenezo: meno ya ndoo, pini na bushi, mipira ya haidroliki inayopasuka, na siku moja pampu. Kwa mtambo uliotumika, Sh12,000 kwa saa si nyingi. Fedha hii itengwe kila jioni hata kama hakuna kilichoharibika, kwa sababu kitakachoharibika hakitatoa taarifa.

Jumla ya gharama za kazi ni Sh42,000 kwa saa.

Saa za kulipwa ni ngapi kwa mwaka?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gharama za kudumu za Sh49 milioni lazima zigawanywe kwa saa ambazo kijiko kitalipwa. Mtu anayefanya hesabu akiwa bado hajanunua hujiambia: saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla saa 2,400. Kwa hesabu hiyo, kila saa inabeba Sh20,400 tu za gharama za kudumu. Akijumlisha Sh42,000 za kazi anapata kama Sh62,400. Akitoza Sh70,000 anaona ana faida.

Lakini mwaka hauendi hivyo. Mwaka una wiki 52. Toa wiki 14 za mvua, masika na vuli, ambapo udongo wa mfinyanzi hunata kwenye ndoo na mtambo huzama shambani. Toa wiki nne za matengenezo na kusubiri vipuri. Zinabaki wiki 34. Kwa siku sita kila wiki ni siku 204. Katika siku hizo zipo za kusafirisha mtambo, za kungoja mteja atafute fedha, na za msiba kijijini. Ukipata wastani wa saa tano za kulipwa kwa siku, umefanya kazi nzuri. Jumla ni saa 1,020. Tuseme 1,000.

Sasa hesabu inabadilika. Gharama za kudumu ni Sh49,000 kwa kila saa. Ukijumlisha na Sh42,000 za kazi, saa moja inamgharimu mwenye kijiko Sh91,000. Hapo bado hajapata faida. Akiongeza asilimia 15 kwa ajili ya akili yake, hatari ya madeni yasiyolipwa na uharibifu mkubwa usiotarajiwa, anafika karibu Sh105,000.

Angalia pia saa zikipungua. Kijiko kinachopata saa 600 tu kwa mwaka kina gharama ya karibu Sh124,000 kwa saa. Kinachopata saa 1,400 kina gharama ya Sh77,000, ingawa mtambo unaotumika zaidi huchakaa haraka na bei ya kuuzia itashuka. Kwa hiyo silaha ya kwanza ya mwenye kijiko anayetaka kuuza kwa bei nafuu ni kutafuta saa zaidi. Akikata bei bila kuongeza saa, anajiumiza mwenyewe.

Anayetoza Sh70,000 anakula mtambo wake

Wapo watakaosema: "Mbona fulani anatoza Sh70,000 na maisha yanakwenda?" Tumfanyie hesabu.

Kwa kila saa, akitoa Sh42,000 za kazi, anabaki na Sh28,000. Kwa saa 1,000 ni Sh28 milioni. Akilipa bima, mlinzi, mishahara na mambo madogo, ambayo jumla yake ni Sh21.4 milioni, anabaki na Sh6.6 milioni mkononi. Kwake hiyo ni faida, na anaitumia: anaezeka nyumba, analipa ada za shule. Hakuna ubaya wowote katika kufanya hivyo, ila fedha hiyo si faida.

Uchakavu na gharama ya mtaji, jumla Sh27.6 milioni, havijalipwa. Kila mwaka anapungukiwa Sh21 milioni. Baada ya miaka mitano atakuwa amepata Sh33 milioni mkononi, na akiuza mtambo Sh50 milioni, jumla ni Sh83 milioni. Aliingia na Sh120 milioni. Amefanya kazi miaka mitano, jua na vumbi, ili apoteze Sh37 milioni. Hapo hatujataja riba wala kupanda kwa bei ya mtambo mwingine.

Aliyenunua kwa mkopo hagundui baada ya miaka mitano, anagundua mapema. Tangu kutungwa kwa sheria ya karadha nchini mwaka 2008, wapo wanaopata mitambo kwa kuilipia kidogo kidogo huku wakiitumia. Njia hii ni nzuri, lakini rejesho la kila mwezi halijali bei ya jirani. Mwenye kutoza Sh70,000 ataanza kuchelewesha rejesho, kisha ataacha kubadilisha oili kwa wakati, na mwisho mtambo utarudi kwa mwenyewe.

Je, kuna wakati wa kukubali bei ya chini? Upo. Kama ni msimu wa kazi chache, mtambo umelala na opereta analipwa mshahara vile vile, mteja anayetoa Sh75,000 anakuachia Sh33,000 kwa saa za kupunguza gharama za kudumu. Hiyo ni bora kuliko sifuri. Lakini usiteremke chini ya Sh42,000 pamoja na gharama ya usafiri, maana hapo unamlipa mteja akuchakazie mtambo. Na bei ya msimu mbaya isigeuzwe kuwa bei ya mwaka mzima.

Mkulima anunue shimo, si saa

Tumezungumza na mwenye mtambo. Sasa tumgeukie mkulima, ambaye huenda ameanza kuguna kwa kuona Sh105,000.

Mkulima hahitaji saa, anahitaji shimo. Kwa hiyo kipimo chake kiwe mita ya ujazo ya udongo uliotoka. Bwawa la samaki lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha wastani cha mita 1.2 lina mita za ujazo 360. Zidisha tu namba hizo tatu.

Tuchukue vijiko viwili vyenye ndoo ya nyuma inayochota robo ya mita ya ujazo. Cha kwanza kina pini nzuri, meno makali na opereta anayejua kazi. Kinachota mara tatu kwa dakika na kumwaga pembeni kutengeneza tuta. Kwa kuwa hakuna anayechimba dakika zote 60, tuhesabu dakika 50 katika saa. Ni michoto 150, sawa na mita za ujazo 37.5 za udongo uliofumuliwa.

Lakini udongo ukichimbwa huvimba. Udongo wa kawaida huongezeka asilimia 20 hadi 30. Tukichukua 25, zile mita 37.5 zilizomwagwa zilikuwa mita 30 zilipokuwa ardhini. Kijiko cha pili kimechoka na opereta wake ni mwanagenzi. Kinachota mara mbili kwa dakika. Kwa hesabu hiyo hiyo kinatoa mita 20 kwa saa.

Cha kwanza kinatozwa Sh105,000 kwa saa. Bwawa la mita 360 kitalimaliza kwa saa 12, na mkulima atalipa Sh1,260,000. Cha pili kinatozwa Sh80,000. Kitachukua saa 18, na mkulima atalipa Sh1,440,000. Aliyekimbilia saa ya rahisi amelipa Sh180,000 zaidi, na amepoteza siku nzima. Tofauti yote imetokana na mchoto mmoja kwa dakika.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali bei ya saa, mkulima aende mahali kijiko kinapofanya kazi, asimame pembeni na saa ya mkononi, ahesabu michoto kwa dakika kumi. Aangalie pia kama mkono wa mtambo unacheza kwenye maungio, na kama oili inavuja. Njia nyingine ni kukubaliana saa moja ya majaribio shambani kwako, ilipwe, kisha shimo lipimwe kwa utepe. Hapo bei ya mita moja itajulikana bila ugomvi.

Pima shimo, usipime chungu ya udongo, kwa sababu ya kule kuvimba. Suala hili linamhusu hasa anayehamisha udongo kwa tipa. Bwawa letu la mita 360 litatoa mita 450 za kubeba. Kwa tipa la mita kumi ni safari 45, wala si 36. Aliyepanga bajeti ya safari 36 atakwama na udongo uwanjani.

Bei ya kazi nzima

Wapo wanaopenda kupatana kazi nzima. Mkulima hulala usingizi kwa kuwa anajua atalipa kiasi gani, na opereta hana sababu ya kuvuta muda. Hatari yote, hata hivyo, huhamia kwa mwenye kijiko: akikutana na mwamba, visiki au maji ya chini, hasara ni yake. Atajilinda kwa kuweka bei kubwa.

Dawa ni shimo la majaribio. Kabla ya siku ya kazi, mkulima achimbe kwa jembe na sururu mashimo mawili au matatu hadi kina kinachotakiwa, katika pembe tofauti za eneo. Wote wawili waone kilichomo. Kisha waandikiane: udongo wa aina tuliyoona ni bei fulani kwa mita ya ujazo, tukikuta mwamba, tunarudi kwenye bei ya saa. Ni jasho la siku moja, lakini linaweza kuokoa laki kadhaa.

Usafiri wa mtambo, mzigo uliojificha

Kijiko kinatembea polepole na safari ndefu barabarani humaliza matairi. Kazi ikiwa mbali hubebwa na lori la kubebea mitambo. Tuseme kwenda na kurudi ni Sh400,000. Kwa kazi ya saa 20, usafiri unaongeza Sh20,000 kwa kila saa. Kwa kazi ya saa nne, unaongeza Sh100,000, karibu sawa na bei ya saa yenyewe.

Ndiyo sababu wenye mitambo huweka kiwango cha chini cha saa, kwa mfano saa nne, hata kama kazi ni ya saa mbili. Hilo si wizi. Wizi ni kuficha usafiri ndani ya bei ya saa, ukamtoza hivyo hivyo jirani wa mita 200 na mteja wa kilomita 40. Usafiri usimame peke yake kwenye karatasi, saa zisimame peke yake.

Mkulima naye ajiulize kama anahitaji kijiko kweli. Kwa kazi ya kipande, tuseme mtu mmoja anachimba mita mbili za ujazo kwa siku kwa Sh12,000. Hiyo ni Sh6,000 kwa mita. Kijiko kizuri cha Sh105,000 kinachotoa mita 30 kwa saa ni Sh3,500 kwa mita. Kwa bwawa dogo la mita 50, kipande kitagharimu Sh300,000. Kijiko, kwa kiwango cha chini cha saa nne pamoja na usafiri, ni Sh820,000. Hapo vijana wa kijijini wanashinda bila ubishi.

Kwa bwawa la mita 360 hali ni kinyume. Kipande ni Sh2,160,000. Kijiko pamoja na usafiri ni Sh1,660,000. Kwa bei hizi za mfano, mizani inasimama sawa kwenye mita 160 hivi. Chini ya hapo tumia watu, juu ya hapo tumia mtambo.

Lakini wakulima watano wanaopakana wakiita kijiko kwa pamoja, usafiri wa Sh400,000 unakuwa Sh80,000 kwa kila mmoja, na mizani inashuka hadi mita 32 tu. Mwenye kijiko naye anafurahi, kwa sababu amepata saa nyingi mahali pamoja. Ushirika wa namna hii hauhitaji katiba wala mhuri. Unahitaji daftari na mtu mmoja mwaminifu.

Saa inahesabiwaje?

Ugomvi mwingi hauko kwenye bei, uko kwenye hesabu ya saa. Mitambo mingi ina kipima saa kwenye dashibodi. Wote wawili wasome namba kijiko kinapofika shambani na kinapomaliza, waiandike na kutia saini. Kumbuka kwamba namba ya mwisho baada ya nukta ni sehemu ya kumi ya saa, yaani dakika sita. Tofauti ya 3.5 ni saa tatu na nusu, si saa tatu na dakika 50. Kosa hili hutokea mara nyingi, na mara nyingine si kwa bahati mbaya.

Kipima saa huhesabu pia injini inapounguruma bila kufanya kazi. Opereta akienda kunywa chai azime mtambo. Mtambo ukiharibika, saa isimame. Uharibifu ni wa mwenye mtambo, na tayari tumeuweka kwenye bei yake. Mtambo wa zamani ambao kipima saa kimekufa, utumie daftari la muda lenye saini mbili kila siku.

Na kama mtambo umefika kwa wakati lakini hauwezi kuanza kwa sababu ya mkulima? Labda mgogoro wa mpaka, kisiki alichoahidi kung'oa bado kipo, au hajapata kibali. Mwenye kijiko ana haki ya malipo ya kusubiri, lakini si bei kamili, kwa sababu hachomi dizeli wala hachakazi meno. Malipo ya haki ni sehemu ya gharama za kudumu, katika mfano wetu Sh49,000 kwa saa. Mvua ya ghafla isiyotarajiwa ni kazi ya Mungu. Wagawane nusu kwa nusu, au wasidaiane, ila wakubaliane kabla mawingu hayajaja.

Kuhusu kibali, anayechimba lambo kwa kuziba kijito au kuchepusha maji ya mto aende kwanza kwenye bodi ya maji ya bonde lake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na nchi ina mabonde tisa yenye ofisi zake. Kijiko kilichosimamishwa na maofisa hapo shambani kinaendelea kuhesabu saa za kusubiri.

Dizeli ikipanda

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Bei ikipanda, baadhi ya wenye vijiko huongeza Sh10,000 au Sh15,000 kwa saa papo hapo. Bei ikishuka, wanakaa kimya.

Hesabu yake ni nyepesi. Kama kijiko kinatumia lita nane kwa saa, kila Sh100 inayoongezeka kwenye lita huongeza Sh800 kwenye saa. Dizeli ikipanda kwa Sh500, nyongeza ya haki ni Sh4,000. Ikishuka kwa Sh500, bei ishuke kwa Sh4,000. Waandikiane hivyo tangu mwanzo, hasa kwa kazi za wiki kadhaa.

Baadhi ya wakulima hupenda kununua dizeli wenyewe. Ni sawa, na bei ya saa ishuke hadi Sh81,000. Lakini tanki lijazwe mwanzo na mwisho mbele ya wote. Kipima saa kikionyesha saa kumi, dizeli iliyotumika isipishane sana na lita 80. Zikiwa 130 kwenye udongo laini, kuna dumu limekwenda kichakani.

Karatasi moja tu

Makubaliano yote haya yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule. Yaandikwe mambo haya: bei ya saa na kama dizeli imo, bei ya usafiri, kiwango cha chini cha saa, bei ya kusubiri, bei ya dizeli siku ya makubaliano, namba ya kipima saa mwanzo na mwisho, ukubwa wa shimo, na siku ya kulipa. Mwenye mtambo aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani aseme wazi kama bei ina kodi ndani au la, maana kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, Sh105,000 hugeuka kuwa Sh123,900. Na mteja adai stakabadhi.

Malipo ya awali nayo ni ya busara. Usafiri ulipwe kabla ya lori kuondoka, na nusu ya saa zinazotarajiwa zilipwe siku ya kwanza. Mkulima asilipe yote, maana opereta aliyekwisha kulipwa huwa na haraka ya kwenda kwingine. Mwenye mtambo naye asimalize kazi bila senti mkononi, kwa sababu bwawa lililokwisha kuchimbwa halirudishwi.

Mwenye kijiko afanye hesabu yake ya gharama mara moja kwa mwaka, kabla msimu wa kiangazi haujaanza, na aiweke mahali mteja anaweza kuiona. Mteja akiona kwamba Sh49,000 zinakwenda kwenye uchakavu, mtaji, bima na mishahara, na Sh24,000 kwenye dizeli, maneno ya "mnatunyonya" hupungua. Na mkulima aliyeona hesabu hiyo atajua nini cha kudai: michoto mitatu kwa dakika, ndoo yenye meno, na saa isiyohesabu chai. Bei ikishapangwa hivyo, mwaka ujao kijiko kitakuwapo na mteja atakuwapo.